Aliyewagusa Wote

Kazi ya pupa haitaki pupa. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza ambalo Vidole alimpa kila aliyeletwa mezani kwake kujifunza, na aliyecheka alipewa ufagio akafagie ua mzima mpaka adabu imrudie. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hasira za karibu tu, zinazopanda na kushuka kama maziwa jikoni, ila juu ya meza ile hakutaka mzaha. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kiti kilekile, mbele ya dirisha lilelile, akigusa wadudu.

Tuseme wazi ni wadudu gani, maana wapo wanaosikia kwamba mtu analishwa na vipepeo wakadhani wanapigwa porojo. Shamba lilikuwa na mabanda tisa ya neti, na ndani ya kila banda milimau na midimu iliyopandwa kwenye ndoo. Vipepeo walitaga kwenye majani, mayai yakawa viwavi, viwavi wakala majani mpaka wakashiba, kisha kila mmoja akajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba na kugeuka pupa: kitu cha kijani, kifupi kuliko kidole cha mwisho, kimetulia utadhani jani lililojikunja. Hao ndio walioviringishiwa pamba, wakapangwa kwenye maboksi na kupandishwa ndege kwenda kwenye nyumba za vioo za nchi za baridi, ambako watu hupanga foleni kutazama kipepeo akizaliwa.

Aliyetakiwa kuliko wote huko ng'ambo alikuwa kipepeo mmoja wa jamii ya mkia wa mbayuwayu, ambaye pale shambani walimwita Kaazima. Dume wake hana makuu: rangi ya siagi, michirizi myeusi, na mikia miwili nyuma kama ya yule ndege aliyempa jina. Jike ndiye mwenye vituko. Jike hana mkia, wala hana rangi yake mwenyewe. Mmoja huvaa nyekundu ya kutu na nyeusi, mwingine nyeusi na madoa meupe, kila mmoja akimwiga kipepeo wa kabila jingine aliye mchungu, ambaye ndege akimwonja mara moja hamrudii. Yeye mwenyewe si mchungu hata kidogo. Anaishi kwa kuogopwa bure. Wageni walipoambiwa kwamba huyu na huyu na yule pale ni ndugu wa tumbo moja, walibisha mpaka wakachoka.

Adui yake mkubwa pale shambani hakuwa ndege. Alikuwa kijinyigu kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho hupita kwenye tundu la neti usiloliona, kikamkuta pupa angali laini, kikamtoboa na kumtagia mayai mle ndani. Kwa nje habadiliki kitu. Siku kadhaa anabaki wa kijani, mzuri, na jicho haliwezi kukuambia kwamba anagugunwa ndani kwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na walisema hivyo bila kumwona pupa. Njia ya kumjua ni moja. Unamgusa tumboni kwa ncha ya kidole. Aliye mzima hujibu: hujipinda kidogo, kidogo mno, pigo moja tu la mshipa. Mgonjwa hajibu, au anajibu kwa ugumu fulani ambao haufundishiki kwa maneno.

Vidole aliusikia ugumu huo. Ndiyo maana jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho, na mdomoni mwa watu akawa Vidole. Asubuhi moja aliweza kugusa pupa mia nne. Wazima aliwalaza kwenye trei nyeupe, wagonjwa akawatupa kwenye kopo jekundu wakachomwe moto, na kila trei iliyojaa aliigonga muhuri wa dole gumba lake kwa wino, maana yake hawa nimewagusa. Katika miaka yote hiyo hakuna nyigu aliyewahi kutoka kwenye trei yenye dole lile. Hata Meneja wa shamba, binti aliyesomea wadudu mpaka akaitwa dokta, alikaa miezi miwili pembeni yake akijifunza kugusa, na hakufuzu. Alimheshimu tangu hapo kama mzazi.

Na sasa vidole vile vilikuwa vimekufa.

Ganzi ilianzia miguuni, ikapanda. Sukari alikuwa nayo, hilo nyumbani walilijua, na vidonge alimeza siku alizokumbuka. Kisha asubuhi moja alitia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, akatoa kifuniko cha soda, na hakujua kwamba si ufunguo mpaka alipokitazama. Wiki hiyohiyo alikaa mezani akamgusa pupa wa kwanza, hakusikia kitu. Wa pili, hakusikia kitu. Wa kumi. Akadhani banda zima limeugua. Akasugua kidole kwenye ukingo wa meza, akaona meza nayo haipo.

Mtu mwingine angesema. Yeye alijiambia ni baridi ya asubuhi, kesho yake akajiambia ni uchovu, na mwezi wa tatu hakujiambia kitu. Watu wanakuita kwa jina la kiungo chako. Ukisema kimekufa, wakuite nani? Akaanza kufanya kazi kwa macho, kwa mazoea na kwa kubahatisha. Aligusa, akatulia kidogo kama anayesikiliza, akatikisa kichwa, akalaza kwenye trei. Na ili kopo jekundu lisiondoke tupu watu wakashangaa, kila asubuhi alitupa humo watatu au wanne kwa kukisia. Walichomwa moto. Wengi wao walikuwa wazima, naye alilijua hilo, na alijichukia kwa hilo, na kesho yake akarudia. Miezi saba ikapita bila kisa, kwa sababu nyigu wana msimu wao na msimu ulikuwa haujafika.

Aliyelibeba kopo jekundu kwenda kulichoma alikuwa Mama Neti, mjane wa mdogo wake Vidole. Vidole mwenyewe ndiye aliyemleta shambani mwaka ule aliofiwa, akamwombea kazi ya kutunza mabanda. Aliziba matundu kwenye neti, akamwagilia midimu, akawahamisha viwavi kutoka mti uliokwisha majani, na mwishowe akazipanga trei za shemeji yake kwenye maboksi. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Akisema moja, la pili ungelisubiri kesho. Kusema uongo hakujua kabisa. Ukimuuliza kama nguo hii imekupendeza, ujiandae kwenda kubadilisha.

Siku moja, msimu wa nyigu ukiwa umeshaanza, alirudi na kopo mkononi.

"Shemeji, hawa wawili mbona wanajibu?"

"Nani anajibu?"

"Hawa. Nimewashika, wanacheza."

Vidole alisikia uso wote umemwaka. "Umeshika wangapi maishani mwako, Mama Neti? Mimi ndiye niliyekuonyesha kichwa ni kipi na mkia ni upi, leo unanirudishia kopo? Kachome."

Mama Neti akaondoka na kopo lake. Vidole alibaki akitazama mgongo wake mpaka ulipopotea nyuma ya banda la tatu, kisha akamgusa pupa aliyefuata, asisikie kitu, akamlaza kwenye trei nyeupe.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, Meneja aliwaita kwenye chumba cha maboksi. Walikuwa wanne tu: yeye, Vidole, Mama Neti na Dereva wa kupeleka mizigo uwanja wa ndege. Dereva ni mtu ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha, lakini siku hiyo aliuona uso wa Meneja akavua kofia. Ilikuja barua pepe kutoka ng'ambo, yenye picha. Boksi la Kaazima lilifunguliwa kule kwenye nyumba ya vioo, pupa wakatundikwa, na badala ya vipepeo wakatoka nyigu. Pupa kumi na wanane kati ya sitini walikuwa na tundu dogo ubavuni. Nyigu wakawaingia na pupa wa wauzaji wengine waliokuwa wametundikwa jirani. Wenye nyumba walilazimika kuwachoma pupa wote waliokuwa stoo. Kwenye picha ya mwisho trei ilionekana vizuri, na pembeni mwa trei, dole gumba la wino.

"Mzee wangu," alisema Meneja, "samahani kukuuliza, lakini lazima niulize. Uliwagusa wote?"

"Niliwagusa wote," alisema Vidole.

Na kweli aliwagusa wote. Wapo waongo wanaohangaika kutafuta maneno ya uongo, na wapo wanaoyakuta ya kweli yamelala njiani wakayaokota. Vidole alipoyasikia yakitoka mdomoni mwake alihisi nafuu, na nafuu ile ilimtisha.

"Nilijua," alisema Meneja. "Basi waliingia baada yako." Akamgeukia Mama Neti. "Umewahi kutoa kitu chochote kwenye kopo jekundu?"

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema hapana. Mama Neti alifikiri kwanza, ili asikosee.

"Mara moja. Wawili."

"Ukawapeleka wapi?"

"Nikawarudisha kwenye trei."

"Mzee amesema ni wagonjwa, wewe ukawarudisha?"

"Walikuwa wanajibu."

"Walikuwa wawili, au walikuwa kumi na wanane?"

"Wawili."

"Na mwezi ule mabanda yako ndiyo yaliyotoa pupa wachache kuliko miezi yote, au nakosea?"

"Hukosei."

Kila jibu lilikuwa la kweli na kila jibu lilimzamisha. Vidole aliitazama mikono yake. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine mle chumbani aliyelijua: kwamba wale wawili waliorudishwa ndio pupa pekee katika boksi zima waliokuwa wameguswa na mtu anayesikia. Meneja alimtazama kwa huruma, akidhani anainama kwa aibu ya ndugu yake.

Ikaamuliwa Mama Neti arudi nyumbani, Ijumaa saa nne aje kutia sahihi barua ya kuachishwa. Barua ingesema alituma wadudu wagonjwa kwa makusudi ili kujaza idadi. Shamba jingine la vipepeo halikuwapo eneo lile, na hata lingekuwapo, barua kama hiyo ingemtangulia kufika.

Alhamisi jioni Vidole aliporudi kutoka kazini alimkuta jikoni kwake. Mke wake na Mama Neti walikuwa wamekaa kwenye vigoda, sinia la vitunguu katikati. Mama Neti aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Nimekutia aibu. Uliniambia kachome, mimi nikajifanya najua." Aliyapanga maneno polepole, ilionekana ameyabeba njia nzima. "Nimefikiri siku hizi tatu. Labda si wawili. Labda kuna siku nilikuwa nimechoka nikachanganya kopo na trei, sikumbuki tu. Trei zako hazijawahi kuwa na kosa miaka yote hiyo. Mbona ziwe na kosa nilipozishika mimi?"

Mwanamke asiyejua kusema uongo alikuwa anajilazimisha kuuamini mmoja. Vidole aliyaona macho yake, mekundu, hayana ujanja. Alikuwa na nafasi pale ya kusema. Hakuna aliyemziba mdomo. Palikuwa na watu watatu tu, wote wake, na mlango umefungwa.

"Haya, shemeji," alisema. "Yamekwisha. Mimi nimesamehe."

Mama Neti akamshukuru. Mke wake Vidole hakuinua kichwa kwenye vitunguu.

Ijumaa asubuhi Vidole alisimama mbele ya kioo na shati mwilini, akisubiri. Kila asubuhi mke wake alimfunga vifungo. Ilianza miezi minane nyuma, bila kuombwa. Alikuja siku moja, akamsukuma mkono pembeni, akasema "Ngoja, unachelewa," na Vidole akalichukulia kuwa ni mapenzi ya uzeeni, akanyamaza asije akaulizwa. Leo alimfunga cha kwanza, akamfunga cha pili, akashusha mikono.

"Vilivyobaki jifunge."

"Kwa nini?"

"Jifunge tu nikuone."

Alijaribu. Kifungo alikiona kwenye kioo na tundu aliliona, lakini vidole vilipita juu ya vyote viwili kama vinapapasa hewa. Mke wake alimwacha ahangaike mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Ulidhani sijui?" alisema. "Vikombe umevunja saba. Unasoma gazeti unafungua kurasa tatu kwa pamoja. Nilinyamaza kwa sababu ugonjwa ni wako, na kila mtu ana haki ya kujisitiri. Lakini jana nimemsikia mke wa marehemu akikuomba radhi jikoni kwangu, nawe ukampa. Hapo, baba watoto, umenishinda."

"Unataka nikakae barazani nifukuze kuku?"

"Nataka ukaseme."

"Nikisema, mimi ni nani tena?"

"Sijui," alisema mke wake. "Lakini ukinyamaza, nakujua." Akamsogelea, akamalizia vifungo vilivyobaki kimoja kimoja, bila haraka. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe yako umeyaficha, na kifo chake umemtafutia mwenzio."

Alitoka nyumbani akiwa na hasira naye. Hasira ilimfikisha kwenye kituo cha mafuta. Kutoka hapo ilimwishia, akabaki na woga peke yake. Mara mbili alisimama. Mara ya pili alisimama mbele ya duka la kinyozi, akajiona kwenye kioo cha dirisha, mzee aliyefungwa vifungo vizuri, na akafikiri kwamba angeweza kabisa kufika, kukaa kwenye kiti chake, kuanza kugusa, na kuiacha saa nne ipite. Ingepita. Saa hupita zenyewe. Alitembea tena kabla hajamaliza kulifikiria.

Ofisini kwa Meneja barua ilikuwa tayari mezani na kalamu juu yake. Mama Neti alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, amevaa nguo ya kutokea. Vidole alibisha hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hiyo kalamu iondoe," alisema. "Kosa ni langu. Vidole vyangu havisikii. Vina ganzi miezi minane sasa. Wale kumi na wanane walipita mkononi mwangu sikuwajua."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa kicheko. Hakujiandaa kwa kile kilichomjia. Meneja alitabasamu, kwa huzuni, akamvutia kiti.

"Mzee wangu, nilijua utakuja."

"Ulijua?"

"Ni mke wa ndugu yako. Watoto wake ni damu yako. Ningekuwa mimi, ningesema hivyohivyo."

"Sikiliza, mwanangu. Simtetei. Nakwambia kilichotokea."

"Miaka ishirini na sita," alisema Meneja. "Mimi nilikaa pale pembeni yako. Nimekuona ukiongea na Dereva, umefumba macho, unawatenga wagonjwa na wazima. Juzi tu Jumanne umepitisha trei sita. Leo uniambie husikii?"

"Ndiyo."

Meneja aliinuka, akatoka, akarudi na kisahani chenye pupa wanne wa Kaazima. Akakiweka mbele yake.

"Huyu?"

Vidole akamgusa. "Sijui."

"Huyu?"

"Sijui."

"Na hawa wawili?"

"Sijui, Meneja. Ndicho ninachokwambia."

"Mzee," alisema Meneja, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka, "mtu anayejua akiamua kutojua, mimi nitamkamata wapi?"

Na alisema kweli. Ukikosea, unajifanya, ukipatia, umejifichua. Hakuna jibu ambalo lingeweza kumwangusha Vidole na kumwinua Mama Neti. Jina alilojijengea lilikuwa limesimama mlangoni, pana, limekunja mikono, na lilikuwa halimtambui mwenye nalo. Alitamani kulia. Alitamani pia kuipiga meza teke.

"Shemeji, acha," alisema Mama Neti. Alikuwa ameshaishika kalamu. "Umesema ulichoweza, Mungu akubariki. Mimi natia sahihi niende, nimewaacha watoto peke yao."

"Hutii sahihi."

Ukutani, juu ya kabati la mafaili, palikuwa na fremu ya kioo ya kuwaonyesha wageni: dume mmoja wa Kaazima na majike sita wa mavazi sita, kila mmoja amechomwa pini kifuani juu ya kitambaa cheupe. Vidole aliishusha, akaifungua kwa nyuma kwa viganja viwili, na kwa kuwa vidole havikuweza kushika kitu chembamba kiasi kile, akainama akaing'oa pini moja kwa meno. Jike mwenye madoa meupe akaanguka, bawa likamtoka. Meneja alisema kitu kuhusu fremu. Vidole akaitema pini mezani mbele yake.

"Mdomo unaweza kudanganya," alisema. "Uso nao unaweza. Lakini mkono ukichomwa hujaambiwa, unaruka wenyewe, hauna adabu. Wewe ni dokta wa wadudu, lakini hilo unalijua kama mimi."

"Mzee, siwezi kukuchoma."

"Basi mpe yeye barua, ukalale vizuri."

Akageuka. Aliwapa mgongo wote wawili, akauelekeza uso dirishani, akairudisha mikono nyuma na kuilaza juu ya meza, viganja juu, vidole kumi vimekunjuliwa.

"Chagua unachotaka," alisema. "Usiniambie. Ukichoma tu, nitakutajia ni kipi."

Nje ya dirisha Dereva alikuwa anaegesha gari kinyumenyume kwenye mlango wa chumba cha maboksi, shingo imetoka dirishani. Banda la tisa lilikuwa limefunguliwa kipande kimoja cha neti cha juu kuingiza hewa, na ndani yake dume wa Kaazima alikuwa anapanda na kushuka kwenye neti, anapanda na kushuka. Nyuma yake Vidole alisikia kiti kikisogezwa. Alisikia droo ikifunguliwa na kufungwa.

Alikaza akili yote kwenye vidole vyake. Na hapo, akiwa amesimama pale kwa hiari yake, amekuja kwa miguu yake kusema ukweli, akajikuta anaomba asikie. Aliomba kwa moyo wake wote, asikie hata kimoja, hata kidogo, hata cha mwisho, aruke, apige kelele, aitwe mwongo na Mama Neti aende na barua yake. Ndivyo alivyoomba, na alijua anaomba nini, na hakuacha. Meza haikuwapo. Mikono haikuwapo. Alingoja.

Dereva alishuka kwenye gari, akaanza kupakia. Boksi la kwanza. Boksi la pili. La tatu.

"Meneja," alisema Vidole bila kugeuka, "usiogope, mwanangu. Anza basi."

Akasikia mtu anapenga kamasi, taratibu, kama anayelia asitake kusikika, na hakuweza kujua ni yupi kati ya wale wawili.

"Anza," alisema tena. "Niko tayari."

"Shemeji," alisema Mama Neti. "Alishaanza. Yuko mkono wa pili."